Kanisa Kuu la Mkunazini na Vichochoro vya Mji Mkongwe: Historia Inayohitaji Msimulizi Mkweli

Katika mtaa wa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, hatua chache kutoka Barabara ya Benjamin Mkapa na pilikapilika za soko la Darajani, linasimama Kanisa Kuu la Anglikana la Kristo. Mpita njia huona jengo la mawe lenye mnara mrefu, likiwa jirani na msikiti ambao mnara wake huonekana katika picha moja na ule wa kanisa. Anayeingia ndani akiwa na mtu wa kumweleza hugundua kuwa anakanyaga ardhi iliyokuwa soko la wazi la watumwa hadi mwezi Juni 1873.

Wanafunzi kutoka Bara, familia zinazovuka bahari kwa boti wakati wa likizo na wageni wa mataifa mbalimbali hufika hapo wakiwa na maswali yaleyale: ni nini hasa kilitokea mahali hapa, ni kipi kati ya vinavyooneshwa ni cha kweli, na baada ya kanisa waelekee wapi? Majibu hutegemea sana mtu aliyewaongoza, na ndiyo maana suala la ziara za kuongozwa katika Mji Mkongwe linahusu ukweli wa historia kama linavyohusu biashara.

Biashara ya watumwa iliyofanyika Zanzibar katika karne ya 19 ilikuwa na mikono mingi. Misafara ilitoka pande za Ziwa Nyasa ikaelekea Kilwa, na mingine ikatoka Ujiji na Unyanyembe ikaelekea Bagamoyo na bandari nyingine za mwambao. Waliokuwemo katika mnyororo huo ni viongozi wa misafara wa pwani na wa bara, machifu waliouza mateka wa vita, wenye mitaji waliokopesha bidhaa, na wanunuzi wa ng'ambo, wakiwemo wenye mashamba ya miwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Wafaransa. Wengi wa waliofikishwa Unguja hawakuvushwa kwenda mbali. Walibaki kufanya kazi katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, ambayo ndiyo yaliyoupa mji utajiri unaoonekana hadi leo katika milango na maghorofa yake.

Soko halikufungwa kwa siku moja ya huruma. Mkataba wa 1822 ulizuia kuuza watumwa kwa mataifa ya Kikristo, na ule wa 1845 ukazuia kuwasafirisha nje ya maeneo ya Sultani ya Afrika Mashariki. Yote miwili ilivunjwa mara nyingi kuliko ilivyofuatwa. Mwaka 1873 Sultan Barghash bin Said, akiwa amebanwa na Uingereza kupitia balozi wake John Kirk na tishio la manowari kuzingira kisiwa, alitia saini mkataba uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yote ya hadhara. Hata hivyo, utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria za Zanzibar hadi 1897, na kwa upande wa Tanganyika hadi 1922. Mgeni anayeambiwa kuwa utumwa ulikwisha siku lile soko lilipofungwa ameelezwa nusu ya habari.

Miezi michache baada ya soko kufungwa, Siku ya Krismasi ya 1873, jiwe la msingi la kanisa liliwekwa. Wamisionari wa UMCA, chama kilichoanzishwa nchini Uingereza kufuatia wito alioutoa Dkt. David Livingstone katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1857, walikuwa wamehamia Unguja tangu 1864 baada ya jaribio lao la kwanza karibu na mto Shire kushindwa. Sehemu ya ardhi ya soko ilinunuliwa na mmisionari Arthur West, na sehemu nyingine ilitolewa na Jairam Senji, mfanyabiashara wa Kihindi. Kanisa likajengwa, kwa hiyo, kwa ardhi ambayo kipande chake kilitolewa na mtu asiyekuwa Mkristo, jambo ambalo Wazanzibari wengi hawatalishangaa.

Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877, kabla jengo halijakamilika. Kilichokuwa gumzo mjini ni paa. Steere aliamua kulifunika kanisa kwa tao moja refu lililomiminwa kwa saruji na mawe ya matumbawe yaliyopondwa, bila nguzo katikati ya ukumbi, na walikuwepo waliotabiri kuwa lingeanguka. Halikuanguka, na anayeinua macho leo huliona tao lilelile.

Ndani ya kanisa, ziara huanzia kwenye altare. Duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu sakafuni linaelezwa kuonesha mahali uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa viboko mbele ya wanunuzi. Wageni wengi hunyamaza hapo bila kuambiwa. Nakshi za vijiwe vya rangi zinazopamba altare zilitolewa na Caroline Thackeray, mwalimu wa misheni aliyefundisha wasichana kwa miaka mingi. Nyuma ya altare ndipo alipozikwa Askofu Steere, aliyefariki 1882. Vioo vya rangi vinamkumbuka Livingstone, na vingine mabaharia wa Kiingereza waliofia katika doria za kukamata majahazi ya watumwa.

Upo pia msalaba wa mbao usio mkubwa wala wa fahari, ambao wageni wangeupita endapo wasingeelekezwa. Umetengenezwa kwa mbao za mti wa Chitambo, katika Zambia ya sasa, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone alipofariki Mei 1873. Mwili wake ulibebwa na Chuma, Susi na wenzao hadi Bagamoyo, ukavushwa kwenda Zanzibar na hatimaye Uingereza. Livingstone alifariki majuma machache tu kabla ya soko la Mkunazini kufungwa, hivyo hakupata kusikia habari hiyo.

Upande wa mahali pa ubatizo, waongozaji hupenda kuonesha nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kuwa mafundi waliziweka hivyo Steere akiwa safarini, na aliporudi akaamua ziachwe zilivyo. Kisa hicho huwachekesha watoto wa shule na huwapumzisha watu wazima baada ya uzito wa altare.

Kwa msomaji wa Kiswahili, kaburi la Steere lina maana nyingine isiyotajwa mara nyingi katika ziara. Askofu huyo alichapisha mwaka 1870 kitabu cha mwongozo wa lugha ya Kiswahili kama ilivyozungumzwa Unguja, na mwaka huohuo mkusanyiko wa hadithi alizozipata kwa wasimulizi wa Zanzibar. Alitafsiri Maandiko na kuendesha kiwanda cha uchapaji cha misheni. Lahaja ya Kiunguja ilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwishoni mwa miaka ya 1920, vitabu vyake vilikuwa vimekwisha kutumika kwa nusu karne. Anayesoma taarifa rasmi kwa Kiswahili sanifu leo anasoma lugha iliyopita pia katika mikono ya mtu aliyelala nyuma ya altare ya Mkunazini, na katika vinywa vya Waunguja waliomfundisha, ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa.

Yapo majina yaliyoandikwa. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa Zanzibar akiwa mtoto, alikombolewa na kusomeshwa katika shule ya misheni ya Kiungani. Mwaka 1890 alipewa daraja ya upadri, akiwa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kufikia daraja hiyo, akatumika pande za Masasi na Ruvuma, karibu na nchi aliyotekwa. Masasi yenyewe, ambayo leo ni mji mkubwa wa Mkoa wa Mtwara, ilipata kituo cha misheni mwaka 1876 pale Steere alipokwenda na kundi la watu waliokombolewa, waliokuwa wakirejea kuelekea Nyasa na wakaamua kutua hapo. Mgeni kutoka Kusini anayezuru Mkunazini huenda, bila kujua, anazuru sehemu ya historia ya kijiji chake.

Nje ya kanisa, katika ua, lipo shimo la mstatili lililojengwa kwa mawe. Ndani yake wamesimama watu watano wa kuchongwa, wakiwa wamefungwa minyororo shingoni na kutazama huku na huku. Ni sanamu ya kumbukumbu iliyobuniwa na msanii wa Sweden Clara Sörnäs mwishoni mwa miaka ya 1990. Nyuso za sanamu hizo ziko chini ya usawa wa ardhi, kwa hiyo kila anayetazama hulazimika kuinama kidogo, na anayepiga picha hujikuta akipiga kutoka juu, pale alipokuwa akisimama mnunuzi. Walinzi wa eneo husisitiza kutokaa ukingoni wala kushuka shimoni kwa ajili ya picha.

Jirani na hapo, chini ya jengo linalojulikana kama Mtakatifu Monika, kuna vyumba viwili vya chini ya ardhi vyenye dari ya kugusa kichwa na matundu membamba ya hewa. Wageni huelezwa kuwa ndimo watumwa walimofungiwa kwa siku kadhaa wakisubiri mnada. Simulizi hiyo ina nguvu na imewatoa watu machozi. Hata hivyo, jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na wamisionari kama hospitali, baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaoamini kuwa vyumba hivyo vilikuwa ghala zake. Mwongozaji aliyebobea huzieleza hoja zote mbili na kumwachia mgeni atafakari. Mateso yaliyotokea katika eneo hilo yana ushahidi wa kutosha katika maandishi ya mashahidi wa karne ya 19, na hayahitaji kuongezewa chumvi ili yaaminike. Chumvi hiyo ndiyo humpa silaha yule anayetaka kuyakana.

Mahali pa kupata maelezo yaliyopimwa ni kituo cha maonesho kilichomo katika eneo hilohilo. Kilianzishwa wakati wa ukarabati mkubwa wa kanisa uliofanyika katika miaka ya 2010 kwa ushirikiano na taasisi ya World Monuments Fund na fedha za Umoja wa Ulaya. Mabango yake yanafuatilia njia za misafara, mikataba, maisha ya mashambani na hali ya waliokombolewa. Ni vyema kuanzia hapo kabla ya kushuka kwenye vyumba, ingawa ziara nyingi za haraka hufanya kinyume.

Haraka hiyo inaeleweka. Baadhi ya makundi hupewa saa mbili tu kuumaliza mji mzima. Mji Mkongwe, uliotambuliwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, unaweza kuvukwa kwa miguu kutoka Vuga hadi Malindi kwa muda mfupi, lakini vichochoro vyake havikupangwa kwa ajili ya mtu mwenye haraka. Vinapinda, vinagawanyika, na mara vinaishia mlangoni mwa nyumba ya mtu. Mgeni huhitaji mwenyeji.

Wenyeji wa kuongoza wako wa namna mbili. Wapo waongoza watalii waliosajiliwa na Kamisheni ya Utalii Zanzibar, wanaopaswa kuwa na kitambulisho cha kazi na kukionesha wanapoombwa. Wapo pia wanaojulikana mjini kwa jina la papasi, vijana wanaomdaka mgeni bandarini au Forodhani na kujitolea kumtembeza, wengine wakiwa wachangamfu na wajuzi wa mitaa, wengine wakiwa na nia ya kumfikisha katika duka linalowapa kamisheni. Si kila papasi ni mlaghai, na mji unajua hivyo. Tatizo ni kwamba papasi hawajibiki kwa yeyote: akitoza bei asiyopatana nayo, au akisimulia uzushi kaburini mwa watu, hakuna daftari lenye jina lake. Mwananchi au mgeni anayetaka usalama wa fedha na wa habari anashauriwa kuomba kitambulisho, kupatana bei na muda kabla ya kuanza, kuuliza kama kiingilio cha maeneo kimo katika bei hiyo, na kudai stakabadhi ya malipo. Wanaozuru kanisa peke yake wanaweza kupata mwongozaji palepale.

Kutoka Mkunazini, njia ya kawaida hupitia soko la Darajani, lililojengwa 1904, mahali ambapo samaki hunadiwa asubuhi kwa sauti inayosikika hadi barabarani. Jina Darajani linakumbusha kuwa hapo palikuwa na mkono wa bahari uliotenga mji wa mawe na Ng'ambo, na watu wakavuka kwa daraja. Maji hayo yalifukiwa katika karne ya 20. Si mbali na soko ni mtaa wa Hamamni, wenye bafu za umma zilizojengwa na Sultan Barghash kwa mtindo wa Kiajemi. Zaidi ndani ni Hurumzi, mtaa ambao wengi hulihusisha jina lake na kuachwa huru kwa watumwa.

Milango inastahili kupewa muda. Ile ya mtindo wa Kihindi huwa na vichwa vya shaba vilivyochongoka, na ile ya Kiarabu hubeba maandishi ya Qur'ani katika kizingiti cha juu. Michoro ya samaki, yungiyungi na mawimbi hujirudia. Pembeni mwa fremu nyingi huzunguka mchoro wa mnyororo, na hapo ndipo mgeni anaweza kumpima mwongozaji wake. Baadhi hutamka kwa uhakika kuwa mnyororo ulimaanisha nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa. Tafsiri nyingine, inayoaminiwa na wengi wa wanaochunguza sanaa hiyo, ni kuwa mnyororo ni alama ya ulinzi wa nyumba na waliomo.

Upande wa Shangani ipo nyumba iliyokuwa ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyeongoza misafara ya pembe na watumwa hadi ndani ya Kongo na kufariki Zanzibar mwaka 1905. Aliacha tawasifu iliyoandikwa kwa Kiswahili, mojawapo ya za mwanzo katika lugha hii. Nyumba hiyo ina wakazi, na wageni hutakiwa kuishia mlangoni isipokuwa wamekaribishwa. Kanuni hiyo inahusu Mji Mkongwe wote: ni mji unaoishi watu, baraza za mawe mbele ya nyumba ni sebule za wenyewe, na anayeketi kunywa kahawa hapo hakuwekwa kwa ajili ya kupigwa picha.

Kanisa Kuu la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na wamisionari Wafaransa mwishoni mwa karne ya 19, huonekana kwa urahisi kutoka baharini kwa minara yake pacha, na ndiyo asili ya jina Minara Miwili linalotumiwa na wenyeji. Kufika mlangoni mwake kupitia vichochoro ni kazi nyingine. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwaondoa Wareno, hutumika leo kwa maonesho ya sanaa na muziki.

Mkabala na bahari, ziara hufika penye kidonda kipya. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa 1883 na Sultan Barghash, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati uliofadhiliwa na Oman, na watu wawili wakapoteza maisha. Kanisa la Mkunazini, ambalo paa lake lilitabiriwa kuanguka, lilikuwa siku hiyo likiadhimisha Krismasi.

Sababu za majengo ya Mji Mkongwe kuchakaa hazina siri. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa na udongo, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Kuta hizo hupumua: hunyonya unyevu na kuutoa. Adui wao wa kwanza ni maji ya mvua yanayopenya katika paa lililovuja au mfereji uliokatika, yakaozesha vichwa vya boriti ndani ya ukuta pasipo mtu kuona. Adui wa pili ni lipu ya saruji, ambayo mwenye nyumba huipaka kwa nia njema, ikafungia unyevu ndani. Ndiyo maana Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe hutaka kibali kabla ya ujenzi au ukarabati wowote, hata wa kubadili dirisha, na wenye nyumba wanaoona masharti hayo kuwa usumbufu wana haki ya kuelezwa sababu zake. Mafundi wanaojua kuchoma na kuloweka chokaa hawako wengi, na chokaa nzuri haipatikani kwa siku moja.

Kwa anayepanga safari, boti za mwendo kasi kutoka Dar es Salaam hutumia takribani saa mbili, na Mtanzania anatakiwa kuwa na kitambulisho. Asubuhi ndiyo saa nzuri ya kuanza, kabla jua halijakaa sawa juu ya vichochoro. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, hujaza maji baadhi ya njia lakini hupunguza msongamano. Mavazi ya kufunika mabega na magoti yanatakiwa kanisani na ni heshima katika mji mzima. Siku za Ijumaa adhuhuri mitaa ya misikiti hujaa, na waongozaji wazoefu hupanga mapumziko wakati huo.

Siku za Jumapili Kanisa Kuu hurudi mikononi mwa waumini wake. Ibada huendeshwa kwa Kiswahili, na wageni wanaotaka kutazama jengo husubiri nje, kwenye kivuli cha ua, hadi watu watoke.